Kifuniko cha Kalamu Nyekundu

Mimi ni dobi, mtoto wa dobi, na nikikutana na mtu aliyevaa shati jeupe naangalia kwanza kwapa, halafu kola, halafu ndiyo namsalimia. Sijivunii, ni maradhi ya kazi. Nalisema mapema ili ujue unazungumza na mtu wa aina gani, maana ninayotaka kuyasimulia ni kosa langu mwenyewe, na mwenye shati ameniruhusu kwa sharti moja tu: nisitie chumvi. Nitajikaza.

Duka letu ni chumba kimoja cha mbele na ua wa nyuma. Mbele kuna kaunta, meza ya kupigia pasi, na fito mbili ndefu tunakotundika nguo zilizo tayari. Nyuma kuna masinki matatu ya saruji, mashine moja inayotetemeka kama ina homa, na kamba saba. Mama yangu, dobi wa kwanza wa nyumba hii, miguu imemgomea siku hizi. Anakaa kwenye kiti cha dirishani, anakunja nguo na kutoa maoni ambayo hakuna aliyemwomba.

Kila mteja wetu ana uzi wake. Mama alianzisha utaratibu huo kabla sijazaliwa: ndani ya kola, au ndani ya ukanda wa suruali, tunapitisha uzi wa rangi fulani na kuufunga mafundo. Wa njano wenye mafundo mawili ni muuza dawa. Wa kahawia wenye fundo moja ni familia ya nyumba ya kona. Wa kijani wenye mafundo matatu ni Mwalimu. Majina hatuandiki. Ukinionyesha shati barabarani sitakwambia ni la nani. Nigeuzie kola ndiyo nikwambie. Likumbuke hilo, maana ndilo lililoniponza.

Utaratibu wa pili wa Mama ni kwamba doa linatoka hapa kwetu kwa njia moja tu, nayo ni mfereji. Halitoki kwa mdomo. Dobi anajua ni mtoto wa nani bado anakojoa kitandani, nani anakunywa kwa siri, na shati la nani lina poda isiyo ya mkewe. Nikiwa na miaka kumi niliwahi kumcheka mwenzangu wa shule kwa ajili ya shuka za kwao. Mama alinichapa kwa hanga ya waya, na hanga ile ipo mpaka leo, haijanyooka.

Sasa nije kwa Mwalimu. Alinifundisha darasa la sita na la saba, kama alivyofundisha nusu ya mtaa huu. Amestaafu, ni mgane, anaishi peke yake nyumba ya tatu baada ya kisima. Ana mashati manne meupe, yote yana mfuko mpana kupita kawaida. Mkewe, Mungu amrehemu, aliifumua mifuko ile akaipanua na kuishona upya kwa uzi wa bluu, ili kalamu na chaki zote za mumewe zipate pa kukaa.

Miaka kumi na moja iliyopita aliniletea suruali yenye doa la majani gotini. Likanishinda. Nikaona haya kumwambia ana kwa ana, nikamwandikia barua, ukurasa mzima, nikimweleza rangi ya majani inavyoingia kwenye pamba, nilichojaribu, na mahali nilipokwama, kisha nikaibana kwa pini kwenye ukanda. Wiki iliyofuata likaja shati lake. Dobi hukagua mifuko kabla ya kugusa maji, kwa hiyo nikatia mkono, nikaikuta barua yangu imekunjwa mara nne. Ilikuwa imesahihishwa yote kwa kalamu nyekundu. Chini kabisa palikuwa na alama, kumi na nne kwa ishirini, na maneno haya: "Koma unazimwaga kama sabuni ya kupewa. Lakini unaona vitu. Andika zaidi."

Nilinuna siku nzima. Mtu mzima na watoto wangu, napewa alama! Jioni nikaisoma tena, nikaona kwamba kila alipokata, palistahili kukatwa.

Mdogo wangu wa kike, ambaye anaijua simu kuliko ninavyoijua pasi, akanifungulia blogu. Tukaiita Doa la Wiki. Kila Ijumaa alasiri, nguo zikiwa kambani na pasi ikipoa, nilikaa kwenye meza ya kupigia pasi nikaandika kuhusu doa moja: limetoka wapi, linaogopa nini, usilifanyie nini hata ukiwa na haraka. Nguo sikuionyesha, mwenyewe sikumtaja, na Mama akaridhika. Mwalimu hakuwa na simu ya kufungulia mambo hayo, ana ile ya vitufe. Kwa hiyo kila Jumamosi alivuka barabara kwenda kwenye steshenari inayotazamana na sisi, kwa Mama Printa. Printa ya kwanza ya mwanamke huyo ilikuwa kubwa kama friji, jina likamganda. Mwalimu alimwambia, "Nichapishie ya dobi." Jumatatu shati linakuja, na mfukoni mna karatasi.

Mambo yakawa hivyo kwa miaka saba. Ukiacha Ijumaa za sikukuu na za mvua, niliandika madoa mia tatu na kumi na mawili, na yote mia tatu na kumi na mawili yalirudi yamesahihishwa. Hakuwahi kunipa zaidi ya kumi na saba. Siku aliyonipa kumi na saba nilimpigia pasi shati mara mbili. Sikuwahi kumwambia asante hata mara moja, maana nilidhani ndivyo dunia ilivyo: unaandika, mtu anakusoma mpaka nukta ya mwisho, anakurudishia. Sikujua kuwa ni bahati.

Halafu mdogo wangu akaja na yake. "Dada, siku hizi nani anasoma? Watu wanataka kuona. Onyesha doa lipo, onyesha doa halipo. Nusu dakika tu."

Nikaonyesha. Nusu dakika ya kwanza waliitazama watu elfu moja. Baada ya mwaka nilikuwa na wafuasi elfu kumi, na kichwa changu kilikuwa kimevimba hakipiti mlangoni. Blogu nikaiacha bila hata kuaga. Nikawa nasuuza kwa mkono mmoja na simu iko kwenye mkono wa pili. Nikiamka naangalia wangapi wamependa, nikipiga pasi naangalia nani kasema nini, nikaunguza shuka mbili ambazo hazikuwa zangu. Mtu akinitukana kwa jambo la soda ya magadi, namjibu mpaka wali unaungua. Mifuko ya Mwalimu ikawa inakuja mitupu. Aliniuliza mara moja tu, akiwa kaunta, "Unaandika bado?" Nikamjibu kazi zimekuwa nyingi. Akasema, "Kazi ni jambo jema," akaenda zake.

Nilijua navunja utaratibu wa Mama, lakini nilijipa moyo kwamba siuvunji wote. Katika kila video niliificha kola. Uzi hauonekani, mafundo hayaonekani, basi nguo haina mwenyewe. Mimi dobi naijua nguo kwa uzi, nikadhani ulimwengu mzima unaijua nguo kwa uzi.

Mwaka wa nne wa mambo hayo, Jumatatu moja, shati la Mwalimu likaja mfuko wote ni mwekundu, wino umeshuka mpaka karibu na pindo. Sikufikiri. Niliona kazi nzuri tu, doa la kupendeza macho. Nikalitandaza, nikakunja kola kwa ndani, nikawasha simu, nikasema kwa sauti yangu ile ya mtandaoni, "Jamani, huyu kalamu imemvujia au kapigwa mshale?" Nikalitoa doa kwa spiriti na pamba, taratibu, likaondoka lote. Kwa kweli ilikuwa kazi safi.

Kufikia adhuhuri ya kesho yake video ilikuwa imetazamwa na watu laki mbili. Nilikuwa nacheka mwenyewe. Halafu nikaona maoni ya mtu mmoja: "Mfuko ule wa uzi wa bluu! Si Mwalimu wetu yule?" Chini yake mwingine: "Ndiye! Mimi niliukodolea mfuko ule miaka miwili nikiwa dawati la mbele." Wakaja na wengine. Mmoja alisema amemwona posta mkono unamtetemeka, ameshindwa kutia sahihi. Mwingine akasema masikini, hata kufunika kalamu hawezi tena. Wakamcheka, wakamhurumia, na huruma yao ilikuwa mbaya kuliko kicheko.

Niliifuta video mikono ikiwa imelowa. Ikawa kama sijafuta, kwa sababu wale wenye huruma walikuwa wameshaisambaza.

Mama hakupiga kelele. Alimaliza kukunja foronya aliyokuwa nayo, akaiweka juu ya nyingine, akasema, "Nikikuchapa leo nitavunjika mimi. Nenda kaombe radhi."

Jumatano ni siku yake ya kuchukua nguo. Hakuja. Alhamisi nikalibeba shati mwenyewe kwenye hanga, nikaenda mpaka getini kwake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu." Alikuja polepole. Geti hakulifungua, alipitisha mikono yote miwili kati ya vyuma akalipokea shati. Hanga ikagongana na vyuma, ngo ngo ngo ngo, kwa jinsi mkono wake ulivyokuwa ukitetemeka. Sote wawili tukajifanya hatusikii.

"Mwalimu, nimekuja kusema kwamba..."

"Nimeshaambiwa," akanikatiza kwa upole. "Watu wamekuja wengi. Wameniletea matunda, wameniletea pole, mmoja kaniletea na dawa ya kuchua. Sikujua kama naumwa kiasi hicho." Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayekuonea aibu wewe. "Usijisumbue tena na nguo zangu. Ni mashati manne tu. Nitafua mwenyewe."

"Lakini Mwalimu..."

"Msalimie mama."

Nyuma yake, kwenye kamba, nililiona shati lake jingine. Limetundikwa kwa kola, linadondosha maji yenye povu. Halikuwa limesuuzwa vizuri wala kukamuliwa, maana ule haukuwa mkono wa kukamua. Nilirudi nyumbani, na maneno yote niliyokuwa nimeyapanga njiani nikarudi nayo vilevile.

Siku chache baadaye nilivuka barabara kwenda kutoa nakala ya kitambulisho. Mama Printa alikuwa amezungukwa na karatasi ngumu zenye mapambo pembeni.

"Vyeti vya shule," akasema kabla sijauliza. "Mwaka huu wameniletea mimi nichapishe majina."

"Si huwa anaandika Mwalimu kwa mkono?"

"Huwa." Akanikata jicho. "Mkuu wa shule naye ana simu."

Nilitamani ardhi inimeze. Tangu astaafu, kazi ile ndiyo pekee aliyokuwa akiitiwa shuleni. Wahitimu walikuwa wakivitia vyeti vile kwenye fremu kwa ajili ya mwandiko tu.

"Kwani angeweza?" nikauliza. "Kwa mkono ule?"

"Asubuhi unatulia," Mama Printa akajibu. "Anaandika vitano kwa siku, anapumzika. Mwaka juzi na mwaka jana alianza miezi miwili kabla. Vikiharibika anakuja kwangu kimyakimya namtolea vingine. Nilijua siku nyingi mimi. Sikumwambia mtu."

Yeye, mwenye steshenari, ndiye aliyekuwa amefuata utaratibu wa Mama yangu. Nikasema upuuzi. "Ila na yeye, mtu amestaafu, anatembea na kalamu nyekundu ya nini?"

Mama Printa akaacha alichokuwa anafanya, akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto mjinga ambaye bado anampenda. "Wewe hujui?"

"Nijue nini?"

"Ulipohamia huko kwenye video, yeye hakuacha kuja. Kila Jumamosi anasimama hapo hapo uliposimama. 'Ya dobi ipo?' Namwambia haipo, Mwalimu. Anasema, 'Labda ana kazi nyingi.' Anagusa mfuko, anaondoka. Miaka minne. Jumamosi ile kabla ya video yako nilimwambia haipo, akaitoa kalamu akajaribu wino kwenye kiganja, akasema isije ikakauka. Nadhani kifuniko hakikurudi vizuri."

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Nakala yangu ikatoka, ikaanguka chini, hakuna aliyeiokota. Doa nililowachekesha nalo watu laki mbili lilikuwa langu. Mzee wa watu alikuwa amelibeba mfukoni kwa ajili yangu, wiki baada ya wiki, na mimi nilikuwa na kazi nyingi.

Nilirudi nikamwambia mdogo wangu anifungulie blogu. Neno la siri nilikuwa nimelisahau. Akajaribu jina la Mama, akajaribu siku yangu ya kuzaliwa, akajaribu majina ya sabuni. Mwisho nikakumbuka: kijani3. Uzi wa kijani, mafundo matatu. Kumbe tangu siku ya kwanza nilijua namwandikia nani. (Nimeshalibadilisha, usijisumbue.)

Blogu ilikuwa pale pale, kimya, kama chumba ulichokifunga na kurudi ukakuta kiti kiko ulipokiacha. Hakuna kilichonirukia usoni. Hakuna aliyeniambia fulani amefanya hivi na mimi nifanye vile. Madoa yangu yote mia tatu na kumi na mawili yalikuwa yamejipanga, na chini yake, kwa miaka minne, palikuwa na maoni mapya tisa. Kule kwenye video nilikuwa napata tisa nikipiga chafya. Lakini hawa tisa walikuwa wamesoma. Mmoja, simjui, aliandika: "Nimelitoa doa la chai kwenye gauni la marehemu mama yangu. Nilifuata maelezo yako neno kwa neno, nikisimama kila uliposema nisimame. Mungu akubariki popote ulipo." Niliyasoma mara tatu. Nilijisikia mwenye deni la asante kwa watu wengi, nikaona nianze na mmoja.

"Ile nyingine ifunge," nikamwambia mdogo wangu.

"Dada! Wafuasi elfu thelathini na nane!"

"Elfu thelathini na nane, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunisahihisha koma. Funga."

Akafunga, huku akiguna kama tairi linalotoka upepo.

Ijumaa hiyo nikaandika kuhusu wino mwekundu. Usiuguse kwa maji ya moto. Weka kitambaa chini, dondoshea spiriti, bonyeza, usisugue, badilisha pamba kabla haijaanza kurudisha ulichokitoa. Baada ya hapo nikaandika kuhusu dobi aliyelitoa doa kwenye nguo akalipaka kwa mwenye nguo. Sikulitaja shati, wala uzi wa bluu, wala mkono. Niliomba radhi mwanzoni, nikaomba katikati, nikaomba mara mbili mwishoni. Nikaandika pia asante, ile niliyokuwa nimeikalia miaka kumi na moja, kwamba kuna mtu alinifundisha mara mbili, mara ya kwanza darasani na mara ya pili mfukoni.

Jumamosi nikasimama mlangoni, najifanya nafagia. Hakuja. Nikafagia kizingiti mpaka Mama akaniuliza kama nataka kukitoboa.

Ijumaa iliyofuata nikaandika kuhusu kutu. Jumamosi hakuja. Ijumaa ya tatu nikaandika kuhusu jasho kwenye kola, na kwa mara ya kwanza nikagundua kwamba siandiki tena kwa kumtega. Nilikuwa nimekaa mezani, pasi inapoa, kamba zimejaa, simu iko kwenye droo, na nilikuwa natafuta neno moja tu la kueleza jinsi kola ya zamani inavyolainika. Nilikuwa nimelikosa jambo hilo na sikujua. Nikasema kwa sauti, "Asante," na Mama akaitikia, "Haya," ingawa hakujua anashukuriwa nini.

Jumamosi hiyo ya tatu, ufagio mkononi, nikamwona upande wa pili. Amevaa shati lisilopigwa pasi, limekunjamana lote. Aliingia kwa Mama Printa kununua bahasha, hayo nilisimuliwa baadaye. Hakuuliza kitu. Alikuwa ameshageuka kuondoka Mama Printa alipomwambia mgongoni, "Mwalimu, ya dobi ipo."

Akasimama. Akagusa mfuko.

"Ngapi?"

"Tatu."

"Chapisha zote."

Jumatatu, saa mbili asubuhi, akaingia dukani. Akauweka mfuko wa nguo juu ya kaunta kama alivyouweka miaka yote, akasalimiana na Mama, akauliza hali ya miguu. Halafu akanigeukia mimi.

"Jumatano?" akasema.

"Jumatano, Mwalimu."

Akatoka. Hayo tu.

Sikugusa maji. Nilitoa mashati manne, matatu makavu kama mbao kwa sabuni isiyosuuzwa, nikatia mkono mfukoni mwa la nne. Kalamu ilikuwemo, imefunikwa nusu, na kitambaa kimeshaanza kuwa na nukta nyekundu. Pamoja nayo palikuwa na karatasi zilizokunjwa mara nne.

Mwandiko ule, uliokuwa ukitiwa kwenye fremu, sasa ulikuwa unapanda na kushuka kama njia ya mchwa. Lakini ulikuwa wake. Kila koma iliyozidi ilikuwa na duara. Penye maelezo ya spiriti aliandika, "Sahihi." Penye "mtu mheshimiwa sana sana" alikata "sana" zote mbili. Niliposhukuru, hakusahihisha kitu. Palikuwa na alama ndogo tu ya tiki, na wino ulikuwa umekolea pale, kama kalamu ilikaa muda mrefu kidogo kabla ya kuinuka. Chini kabisa: "Umeomba radhi mara nne. Mara moja inatosha. Futa tatu." Na alama: kumi na tatu kwa ishirini. "Umelegea."

Nililia palepale, uso kwenye shati chafu.

"Kakupa ngapi?" Mama akauliza kutoka dirishani.

"Kumi na tatu."

"Unalilia kumi na tatu! Ungepata ishirini si tungekuzika?"

Lakini na yeye alikuwa anajifuta macho kwa foronya ya watu.

Nilikwenda kwenye blogu nikafuta radhi tatu, nikabakiza moja. Kwa kweli ilisomeka vizuri zaidi. Vyeti vilikuwa vimeshachapishwa vikapelekwa, na hilo halikuwa doa nililoweza kulitoa kwa spiriti wala kwa maneno. Nilijua nitaishi nalo.

Mashati niliyafua mwenyewe, yote manne, kwa mkono. Halafu nikatafuta kipande cha kitambaa cha meza cha plastiki, kile laini, nikakikata kwa kipimo cha mfuko, nikakishona kama kimfuko kidogo kinachoingia ndani ya mfuko. Nikakiwekea kifungo ili kichomoke wakati wa kupiga pasi, maana plastiki na pasi haziivi chungu kimoja. Nilitengeneza vinne. Kwa nje hakuna kinachoonekana ila uzi wa bluu wa mkewe, ambao sikuugusa.

Jumatano akaja. Nikamtundikia mashati mbele yake. Aliligusa la kwanza, vidole vikaingia mfukoni, vikakuta plastiki. Akavipitisha pembeni, chini, kwenye mshono, akakiona kifungo. Mama aliacha kukunja. Nilidhani atasema kitu kuhusu mshono wangu, maana haukunyooka sana.

Akachukua kalamu yake nyekundu niliyokuwa nimemwekea kwenye kaunta. Kifuniko kilikuwa kando. Alikitazama kidogo, halafu akaitia kalamu kwenye mfuko wa shati hilo hivyohivyo, ncha wazi, mbele yangu.

Kifuniko akakisukuma upande wangu wa kaunta kwa kidole.

"Hiki kaa nacho," akasema. "Mimi kinanisumbua."

Akabeba mashati yake, akavuka barabara. Nimekiweka kwenye kopo la vifungo, juu kabisa, na kila Ijumaa nikikaa kuandika nalisogeza kopo karibu.